Mozart wa Kwenye Simu Halei Mtoto

Wanachuo wenzangu, wapo kati yetu wanaosoma huku wanalea. Mtihani kesho, mtoto analia, basi unamwekea video ya Mozart yenye picha za rangi, unajiambia: hii si katuni, inamjenga akili. Kweli inamjenga?

Tuanzie imani hiyo ilikotoka. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Frances Rauscher na wenzake. Waliosikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi maswali ya kupanga maumbo kichwani, na faida yenyewe ikayeyuka ndani ya robo saa hivi. Tena hawakuwa watoto wachanga, walikuwa wanachuo kama sisi! Lakini biashara haikungoja. Miaka michache tu baadaye, video za Baby Einstein zikawa sokoni.

Sasa sikia hii. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, huko Marekani, waliwasikilizisha Kichina watoto wa miezi 9. Waliochezewa na kusomewa na mtu ana kwa ana walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliooneshwa mambo yaleyale kwenye video hawakuambulia kitu.

Somo ni nini? Muziki hauna kosa. Ila mtoto hujifunza kwa mtu anayemtazama na kumjibu. Ukipiga Mozart, mpakate, cheza naye, mpigie makofi. Mchoro je? Mwoneshe kwa kidole, mtajie rangi. Dakika 10 zako zinatosha kuanzia. Kisha rudi kwenye notsi zako.