Kijana Aliyeshika Sura ya Mzee

Katika miaka ya 1600 nchi ya Uholanzi ilikuwa na utajiri mwingi. Merikebu zake zilisafiri mpaka Bara Hindi na visiwa vya mashariki, zikarudi na pilipili, hariri na vyombo vya kaure. Wafanyi biashara wakajenga nyumba nzuri, wakanunua picha za kutundika ukutani. Basi wachoraji wengine wakashika kazi ya kuchora vitu vilivyopangwa mezani tu: mikate, matunda, maua na bilauri za divai.

Miongoni mwa picha hizo zilikuwako za namna moja zilizokusudiwa kumkumbusha mwenye nyumba kwamba siku moja ataiacha mali yake yote. Ziliitwa vanitas, neno la Kilatini ambalo maana yake ni ubatili. Neno hilo limetoka katika kitabu cha Mhubiri.

Picha za namna hiyo zilipendwa sana katika mji wa Leiden, mji wa wafuma nguo za sufu na wa chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1575. Watu wa Leiden waliyajua mauti kwa karibu, kwa maana mwaka 1635 tauni iliingia mjini ikaua maelfu ya watu.

Katika mji huo alizaliwa David Bailly, mwaka 1584, akawa mchoraji hodari wa sura za watu. Mwaka 1651, umri wake ulipokuwa umepita miaka 65, alichora picha moja ambayo watu huistaajabia hata leo.

Ndani ya picha hiyo mna meza iliyojaa vitu, na kila kitu kina maana yake. Fuvu la kichwa ni mauti yenyewe. Saa ya mchanga yaonyesha jinsi siku zinavyopungua kidogo kidogo, bila kelele. Mshumaa uliozimika ni uhai uliokoma. Bilauri iliyolala ubavu ni anasa iliyokwisha. Sarafu na lulu ni mali, ambayo hakuna azikwaye akafaidi nayo. Maua yaliyokatwa ni uzuri, ambao hunyauka upesi. Na juu ya vyote yaelea mapovu ya sabuni, yang'aayo kwa dakika moja, kisha yakapasuka.

Kando ya meza ameketi kijana mzuri, mwenye fimbo ya kuegemezea mkono wakati wa kuchora. Kwa mkono wa pili ameshika picha ndogo ya mtu mzee mwenye ndevu. Atazamaye mara ya kwanza hudhani kwamba kijana ndiye mchoraji, na mzee ni baba yake. Lakini wajuzi wengi wa picha husema sivyo. Wote wawili ni Bailly. Kijana ni Bailly wa zamani, na mzee ni Bailly wa mwaka ule wa 1651. Kwa hiyo yule aonekanaye yu hai mbele ya meza ndiye aliyekwisha toweka. Na yule aliye katika kipande kidogo cha picha ndiye aliyekuwa akivuta pumzi na kushika brashi.

Bailly alifariki mwaka 1657, miaka 6 tu baada ya kuimaliza kazi hiyo. Picha yake imo katika jumba la makumbusho la De Lakenhal, mjini Leiden. Mapovu yake hayajapasuka bado, wala kijana wake hajazeeka. Lakini mwenyewe amekwenda zake, kama mzee yule alivyojua. Waswahili nao wana mithali: ujana ni moshi, ukienda haurudi.

MASWALI

1. Neno vanitas lina maana gani?
2. Taja vitu vinne vilivyo juu ya meza, na maana ya kila kimoja.
3. Kwa nini mzee amechorwa mdogo, na kijana mkubwa?