Swali na jibu: IBIS na sakiti ya kristali

SWALI: Nimeunganisha inveta, kristali ya megahezi 8, kapasita mbili, na rezista ya megaomu 1 kutoka towe hadi ingizo. Kwenye ubao inatoa mapigo vizuri. Kwenye kompyuta, nikitumia modeli ya IBIS, kimya. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea kuunganisha, umechagua modeli isiyofaa kazi hii. IBIS, aina ya modeli ya maingizo na matowe ya chipu iliyoanzia Intel mwanzoni mwa miaka ya 1990, haina transista ndani. Ina majedwali: mkondo kwa kila volteji, na jinsi volteji ya towe inavyopanda na kushuka ikiwa na mzigo wa majaribio, mara nyingi omu 50. Ingizo huangaliwa kwa jambo moja tu: je, limevuka kizingiti? Sakiti yako inaishi katikati, karibu na nusu ya volteji ya ugavi, ambako milivolti chache hukuzwa na kurudishwa mpaka kristali itikisike. Ukuzaji huo haumo katika jedwali lolote.

Kinachonitia hofu zaidi ni bafa (sakiti za towe) zinazopima towe lao zenyewe ili kudhibiti kasi ya kupanda. Mzigo ukibadilika, bafa halisi hubadili mwenendo, lakini jedwali la omu 50 halijui. Na mchoro utakaouona kwenye kompyuta utaonekana safi kabisa.

Mwombe mtengenezaji modeli ya SPICE, inayoiga transista zenyewe. Akikataa, pima: weka rezista mfululizo na kristali, uongeze thamani yake mpaka sakiti ishindwe kuanza. Thamani hiyo iwe angalau mara tano ya ukinzani wa kristali.