Milango ya bronzi itahimili mvua ya Shabunda?

*Mtaalamu, tunataka jengo la umma hapa Shabunda liwe na milango ya bronzi yenye sanamu. Wengine wanapinga: mvua itaila, itageuka kijani. Je, wana haki?*
*Msomaji, Shabunda*

Ndugu msomaji, hofu yao inaeleweka, ila ukijani peke yake si kuoza. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, na bati hutoka kwenye kasiterite inayochimbwa huko kwenu. Hewa na unyevu huipa ganda jembamba, kahawia kwanza, kijani baadaye. Likishikamana vizuri, hukinga kilicho chini yake, yaani metali yenyewe. Kule Firenze, Italia, milango ya bronzi ambayo mchongaji Lorenzo Ghiberti aliimaliza mwaka 1452 ilibaki kwenye jengo lake hadi 1990, na leo iko makumbushoni, sanamu zake zikisomeka. Mtasema Firenze haina mvua ya msitu wenu. Kweli, na ndiyo sababu adui wa kuzuia ni maji yanayotuama: paa litokeze mbele ya mlango, mikunjo ya sanamu iteremshe maji, na nta ipakwe kila mwaka. Msisugue kwa msasa, ndimu wala asidi. Hapo ndipo hasara huanza. Unga wa kijani hafifu ukifutwa na kurudi, mwiteni fundi wa kuhifadhi metali mapema.

Jambo moja nalisisitiza: mkitaka sura za Bwami, chama cha jadi chenye madaraja, waulizeni kwanza wenye daraja, kwani sanaa hiyo ilikuwa ya walioingizwa chamani. Wakikubali, jengeni.