Safari ya Korongoni Wakati wa Joto: Somo kwa Familia
Mlima huanza kwa kupanda, korongo huanza kwa kuteremka. Katika Hifadhi ya Taifa ya Grand Canyon, Arizona, Marekani, familia huteremka ikiwa na nguvu, kisha hupanda ikiwa imechoka. Chini ya korongo, joto la kivulini huweza kuzidi nyuzi 40 za Selisiasi. Kwa hiyo walinzi wa hifadhi hushauri watu wasipande njia hizo kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni katika majira ya joto.

Maji pekee hayatoshi. Anayekunywa maji mengi mno bila chakula chenye chumvi huweza kupungukiwa sodiamu katika damu, akatapika na kuchanganyikiwa.

Mtoto akilalamika kizunguzungu, mpumzisheni kivulini, mpeni maji na chakula chenye chumvi. Akichanganyikiwa, akipata degedege au akizimia, msimnyweshe kitu. Iteni msaada. Mwili ukiwa wa moto sana, huenda ni kiharusi cha joto: mvueni nguo za ziada, mmwagieni maji mwili mzima na mpepeeni papo hapo, bila kungoja machela.

Kinga bora ni kugeuka mapema, mtoto mdogo kuliko wote angali anataka kuendelea.