Jasi si Chokaa

Jina Habaswein ni la Kisomali, na maana yake ni vumbi kubwa. Aliyepita huko wakati wa kiangazi hahitaji kufasiriwa. Msafiri akitoka hapo kuelekea kaskazini hufika kwanza Wajir, penye mawe ya chokaa, kisha El Wak katika Mandera, penye jasi nyingi ardhini. Mawe hayo yote mawili ni meupe, na wako wanaoyaita yote chokaa. Kosa hilo laweza kumtia mtu hasara, maana kiwanda kitakacho jasi hakilipi fedha kwa chokaa. Basi yafaa tulitazame neno lenyewe.

Waingereza husema "gypsum", wakitamka jipsam. Walilipata katika Kilatini, na Kilatini kililitoa kwa Wayunani, walioliita gypsos. Wataalamu wa lugha wadhani kwamba Wayunani nao waliliazima mashariki, kwani Wababeli wa kale walisema gassu. Waarabu wana jass, na kwao sisi tumepata jasi. Kwa hiyo mfasiri akutanapo na neno hilo la Kiingereza hana haja ya kuunda jipya. Ndugu yake yumo nyumbani tangu zamani. Wasusi wa ukili wa pwani walijipaka jasi vidoleni ili jasho lisiwasumbue. (Jasi ivaliwayo sikioni ni kitu kingine.)

Ajabu ya jiwe hili ni maji. Katika kilo 100 za jasi safi, karibu 21 ni maji yaliyofungwa ndani, ingawa ukilishika ni kavu kabisa. Likichomwa kwa moto wa kiasi, robo tatu ya maji hayo hutoka, nalo husagika kuwa unga. Unga huo ukitiwa maji hugeuka jiwe tena kwa muda wa dakika chache. Mwaka 1852 Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alitangaza bendeji za unga huo za kufungia mifupa iliyovunjika. Viwanda vya saruji navyo huchanganya jasi kidogo katika saruji, isigande upesi mno.

Chokaa huhitaji moto mkali zaidi, na ukuta wa jasi hauvumilii mvua kama wa chokaa. Mwenye jiwe asilolijua na alikwaruze kwa ukucha: jasi hukwaruzika, jiwe gumu la chokaa hukataa. Kisha alidondoshee siki kali au maji ya ndimu. Chokaa itatoa vipovu; jasi itanyamaza.