Njia Ipitayo Habari: Mtandao wa Eneo Pana kwa Wanafunzi na Walimu Wao

Kijitabu hiki kimetungwa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari na wa vyuo vya ufundi, pamoja na walimu wao, na makusudi yetu ni kuwaonyesha kwamba habari itokayo Mwanza ikafika London haisafiri kwa miujiza, bali hupita katika njia yenye mahali pake, yenye mwenyewe, na iwezayo kukatika. Aghalabu ilmu hii husomeshwa kwa majina: mwanafunzi huhifadhi majina ya teknolojia na huduma, akafaulu mtihani, kisha akiulizwa ujumbe alioutuma asubuhi umepita wapi, hana jawabu. Sisi twaona kwamba swali hilo la njia lingetangulia mengine yote, kwa kuwa bei ya huduma, wepesi wake na uthabiti wake vyote vyatoka humo.

Umbali na milki

Mtandao wa ndani ni ule wa nyumba moja au shule moja, ambao nyaya zake na vyombo vyake ni mali ya mwenye jengo, naye aweza kuvihamisha apendavyo pasipo kumwomba mtu ruhusa. Mtandao wa eneo pana, ambao mafundi huuita kwa ufupi WAN, huunganisha mitandao ya namna hiyo iliyo mbalimbali, na linaloupambanua si umbali peke yake bali milki. Maana benki yenye tawi Tanga na tawi Kigoma haiwezi kujichimbia mtaro wa kuvuka nchi nzima, hivyo sharti ikodi njia ya mwingine, na palipo na kukodi pana mkataba. Iliyo ghali ni laini ya kukodi, ambayo upana wake umetengwa kwa mteja mmoja usiku na mchana, autumie asiutumie. Iko pia huduma iitwayo MPLS, ambamo mtoa huduma hubandika alama juu ya kila pakiti, yaani kila kipande cha data, na ruta, vyombo vielekezavyo pakiti njiani, zikaipitisha kwa kutazama alama hiyo tu, hata sauti ya simu ikaweza kutangulizwa mbele ya mambo yasiyo na haraka. Mwenye fedha kidogo hupitia intaneti ya watu wote, akaificha data yake kwa msimbo asije mwingine akaisoma; hiyo ndiyo VPN.

Bahari na anga

Pwani yetu haikuunganishwa na dunia jana wala juzi. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji hata Durban, na tangu hapo habari ya bei ya karafuu iliweza kufika Ulaya kabla ya jahazi kutweka tanga. La kusikitisha ni kwamba zama za kompyuta zilipofika, Afrika Mashariki ilikaa miaka mingi bila mkongo wa nyuzi za kioo, ikitegemea setilaiti zilizo juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 35,786. Mwanafunzi na apige hesabu mwenyewe: swali hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka, jumla yake yapata kilomita 143,000, na mwanga, pamoja na mwendo wake wa kilomita 300,000 kwa sekunde, hauwezi kumaliza safari hiyo kwa muda upungukao sana nusu ya sekunde. Hakuna fundi wala fedha iwezayo kuupunguza muda huo, illa setilaiti yenyewe ishushwe chini, kama zilivyo siku hizi zile za Starlink zinazoruka mamia machache tu ya kilomita juu ya ardhi.

Mwaka 2009 ukaja mkongo wa Seacom, na ule wa TEAMS utokao Fujairah, katika Falme za Kiarabu, hadi Mombasa. Mwaka uliofuata ukaanza kazi ule wa EASSy. Ndani ya kioo mwanga hupungua mwendo hata kilomita 200,000 kwa sekunde, lakini njia ni fupi mno: toka Mombasa hadi Fujairah, yapata kilomita 5,000, kwenda na kurudi ni sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Mkongo wenyewe, katika kina kirefu, hauzidi sana unene wa mpira wa kumwagilia bustani; moyoni mwake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na pembeni mna shaba ipelekayo umeme wa maelfu ya volti kwa vikuza mwanga vilivyopangwa njia nzima. Karibu na pwani huvikwa nyaya za chuma kwa kuogopa nanga, na hata hivyo, Februari 2012, meli iliyotia nanga nje ya Mombasa iliukata TEAMS.

Si njia zote mbaya zilikuwa za baharini. Kabla ya mwaka 2000, barua pepe ya mtu wa Nairobi kwa jirani yake wa Nairobi, wakiwa wateja wa kampuni mbili mbalimbali, iliweza kuvuka hata ng'ambo kwa setilaiti kisha ikarudi, na nauli yake ikalipwa kwa fedha za kigeni. Watoa huduma wa Kenya walipoanzisha mwaka huo kituo cha kubadilishana data, KIXP, mamlaka ya mawasiliano ilikifunga kwa muda, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Katika yote tuliyoyataja, hili ndilo tungependa lisomwe mara mbili, kwa kuwa laonyesha kuwa njia yaweza kuwa ndefu kwa sababu ya sheria na mapatano, sio kwa sababu ya jiografia.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024

Siku hiyo EASSy na Seacom zote mbili zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofu katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Upande wa kaskazini nao ulikuwa na dosari, kwani Februari ya mwaka huohuo mikongo, Seacom ikiwamo, ilikatika katika Bahari ya Shamu. Basi taasisi iliyojiona salama kwa kulipia mikongo miwili iligundua kwamba miwili hiyo yapita bahari moja.

Kuiona njia kwa macho

Kila pakiti hubeba hesabu ya umri wake, na kila ruta huipunguza kwa moja. Ikifika sufuri pakiti hutupwa, na ruta iliyoitupa humpelekea mtumaji taarifa. Amri ya traceroute, ambayo katika Windows huandikwa tracert, hutuma makusudi pakiti za umri wa moja, kisha za mbili, kisha za tatu, hata ruta za njiani zikajitaja moja moja. Anwani ya mstari wa kwanza aghalabu huanza na 192.168, nayo ni ya ruta ya shule yenyewe; penye ruta isiyojibu huonekana nyota tatu. Mwanafunzi atazame mahali ambapo muda waruka ghafula, mathalani kutoka milisekunde 10 hadi 150, maana yamkini hapo ndipo pakiti ilipovuka bahari.

Na wakuu wa shule na vyuo watakaotia saini mkataba wa intaneti, twawasihi wamtake mtoa huduma aandike ndani ya mkataba majina ya mikongo aitumiayo, mahali inapotokea nchi kavu, na njia itakayotumika ya kwanza ikikatika. Na njia hiyo ikiwa yapita mahali pamoja na ya kwanza, wasikubali kuilipia kama njia ya pili.