Kupima Programu Kabla ya Kupima Ardhi: Somo Kuhusu Usafishaji wa Mazingira

Ardhi inapochafuliwa kwa madini ya risasi, kwa mfano mahali palipokuwa pakivunjwa betri chakavu, jicho haliwezi kutofautisha udongo salama na udongo wenye sumu. Wataalamu huchota sampuli chache, huzipima maabara, kisha hukadiria hali ya sehemu zisizochotwa. Siku hizi makadirio hayo hufanywa na programu za kompyuta za kusaidia maamuzi, zinazochora ramani ya rangi kuonyesha wapi pachimbwe na wapi paachwe. Somo hili linaeleza kwa nini programu hizo nazo hazina budi kupimwa kabla ya kuaminiwa.

Tuchukue mfano wa kiwanja cha kubuni. Sampuli A ina miligramu 300 za risasi katika kila kilo ya udongo. Sampuli B, iliyochotwa mita 50 kutoka A, ina miligramu 600. Kikomo chetu kiwe miligramu 400, kiwango ambacho Marekani ilikiweka mwaka 2001 kwa udongo ulio wazi mahali wanapochezea watoto. Katikati ya A na B, mita 20 kutoka A na mita 30 kutoka B, pana uwanja wa watoto ambapo hapakuchotwa sampuli yoyote.

Programu ya kwanza hugawa uzito kwa kufuata umbali: A hupata 3, B hupata 2, na jibu huwa miligramu 420. Programu ya pili hufuata mraba wa umbali: A hupata 9, B hupata 4, na jibu huwa takriban miligramu 392. Kanuni zote mbili hutumiwa na wataalamu, na sampuli ni zilezile. Hata hivyo, ya kwanza inasema uwanja usafishwe, na ya pili inasema uachwe kama ulivyo.

Kosa la upande wowote lina gharama. Uwanja wenye sumu ukiachwa, watoto huendelea kumeza vumbi la risasi, nayo hudhuru ubongo unaokua. Udongo safi ukichimbwa na kusombwa, fedha ambazo zingesafisha mahali pengine huwa zimepotea.

Programu hupimwaje basi? Njia iliyo wazi ni kuificha sehemu ya majibu. Huchukuliwa eneo lililokwisha kupimwa kwa sampuli nyingi. Programu hupewa baadhi tu ya vipimo na kutakiwa kukadiria vilivyobaki. Kisha makadirio hulinganishwa na vipimo vilivyofichwa. Mwaka 1998 Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani, ukishirikiana na Wizara ya Nishati ya nchi hiyo, ulizifanyia majaribio programu kadhaa za aina hii, ikiwemo SADA ya Chuo Kikuu cha Tennessee. Maswali ya majaribio yalijengwa juu ya takwimu za maeneo halisi yaliyochafuliwa. Lengo halikuwa kumtangaza mshindi, bali kueleza kila programu inaweza nini na mipaka yake ni ipi.

Mafunzo hayo yanatuhusu nasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kamati za mazingira hadi ngazi ya kata na kijiji. Mwananchi anayeletewa ramani ya uchafuzi katika mkutano ana haki ya kuuliza maswali manne:

1. Sampuli ngapi zilichotwa, na wapi hasa?
2. Sehemu zipi zimepimwa, na zipi zimekadiriwa tu?
3. Makadirio yanaweza kukosea kwa kiasi gani?
4. Programu iliyotumika imewahi kujaribiwa kwa vipimo ambayo haikuonyeshwa?

Pale ambapo makadirio yanakaribia kikomo, kama katika uwanja wetu wa mfano, jibu la busara si kubishania kanuni ipi ni bora. Ni kurudi uwanjani na kuchota sampuli moja zaidi mahali palepale wanapochezea watoto. Programu humsaidia mwenye kuamua. Wajibu wa kuamua hubaki kwa watu.